Gari la umeme la Liuzhou: liliondolewa nini hata likawa rahisi?



Kuna video fupi ambayo kila baada ya miezi michache hunirudia kwenye simu. Mara hutumwa kwenye grupu la familia, mara kwenye grupu la mtaa. Inaonyesha kigari cha umeme cha rangi ya waridi, kimeegeshwa mahali ambapo hata Probox haingeingia. Chini yake pameandikwa kwamba huko Uchina kinauzwa kipya kwa laki nne na ushei. Kisha zinafuata sauti za watu: "Mbona sisi twauziwa mtumba wa Japani wa miaka saba kwa bei mara mbili ya hiyo?" Mwengine hujibu kuwa ni uongo mtupu, na mazungumzo huishia hapo.

Si uongo. Gari hilo lipo, jina lake ni Wuling Hongguang Mini EV, na bei hiyo ilikuwa ya kweli lilipoanza kuuzwa mwaka 2020. Lakini bei ina habari yake. Nimeona nieleze lilikotoka gari hili, nani aliyelitengeneza, lina nini na halina nini, ili siku tutakapoletewa mlangoni tujue la kuuliza. Halikuwa rahisi kwa sababu Wachina wana siri fulani. Lilikuwa rahisi kwa sababu kuna watu walikaa wakaamua ni vitu gani dereva wa mjini anaweza kuishi bila navyo. Baadhi ya maamuzi hayo yalikuwa ya busara sana. Mengine, kwa maoni yangu, hayakufaa.

Mji na kiwanda chake

Liuzhou ni mji wa kusini mwa Uchina, katika jimbo la Guangxi linalopakana na Vietnam. Una watu karibu milioni 4, na si mji wa fahari kama Shanghai. Ni mji wa chuma, mashine na magari. Wachina wengi wanaujua kwa mambo mawili: supu ya tambi na konokono wa mtoni iitwayo luosifen, na magari ya Wuling.

Kiwanda kilichozaa Wuling kilianza mwaka 1958, na kwa muda mrefu kilijulikana kwa matrekta. Miaka ya 1980 kikahamia kwenye magari madogo ya mizigo na abiria, yale ya injini ndogo. Mwaka 2002 ikaundwa kampuni ya ubia ya pande tatu, SAIC-GM-Wuling. SAIC ni kampuni ya magari ya serikali yenye makao Shanghai, nayo ina hisa 50.1%. GM ni General Motors ya Marekani, ambayo hisa zake zilifika 44%. Wuling, wenyeji wa Liuzhou, wamebaki na fungu dogo. Kwa hiyo anayesema hili ni gari la Uchina tupu akumbuke kuwa Mmarekani naye anakula humo.

Riziki ya kampuni hii ilitokana na wafanyabiashara wadogo. Wuling Hongguang, iliyotoka mwaka 2010, ni gari refu la familia ambalo mkulima hupakia mboga asubuhi na jioni akapakia watoto. Liliuzwa kwa mamilioni. Walipogeukia umeme hawakufuata njia ya Tesla, ya kuanza na gari la tajiri kisha kushuka polepole. Walianzia chini, mahali walipokuwa wamezoea wateja na tabia zao.

Vigari vya wazee

Kabla ya Mini EV, Uchina ilikuwa tayari imejaa vigari vya umeme ambavyo havikuhesabiwa kuwa magari. Watu waliviita laotoule, maana yake kama "raha ya mzee". Vingi vilitengenezwa katika viwanda vidogo vya jimbo la Shandong. Vilitumia betri za risasi, za aina ile tunayoijua kwenye gari la petroli, vikaenda mwendo wa pole, na mara nyingi dereva hakuwa na leseni wala gari halikuwa na namba. Babu alikitumia kumpeleka mjukuu skuli na bibi akaenda nacho sokoni.

Serikali haikuvipenda, na kwa sababu nzuri, kwani havikupimwa ajali wala breki. Lakini vilifundisha jambo ambalo makampuni makubwa yalikuwa hayataki kulisikia. Kulikuwa na mamilioni ya watu wasiohitaji gari la kwenda mkoa mwengine. Walichohitaji ni paa la kuwakinga mvua na jua, viti viwili au vitatu, na mwendo wa kufika sokoni na kurudi. Swali likawa, je, yawezekana kuwapa watu hao gari halali, lenye namba, lililopita vipimo vya serikali, kwa bei wanayoiweza?

Mji mzima wafanywa uwanja wa majaribio

Jibu la kwanza la Liuzhou lilikuwa Baojun E100, gari la viti viwili lililotoka mwaka 2017. Urefu wake haukufika hata mita 2.5. Kwa betri iliyojaa lilikwenda kilomita 155 kwa hesabu ya kiwandani, na bei yake baada ya ruzuku ya serikali ilianzia yuan 35,800.

Kilichonivutia zaidi katika habari hii ni namna walivyoliuza. Kampuni na serikali ya mji waliungana. Wakazi walipewa magari wayajaribu bure, wayatumie kwenda kazini na kurudi, kisha waseme kinachowaudhi. Zoezi hilo liliendelea kwa miezi kadhaa na maelfu ya watu walishiriki. Malalamiko mengi hayakuhusu gari bali mji wenyewe: mtu aegeshe wapi, achaji wapi.

Mji ukajibu. Vipande vya ardhi visivyofaa kitu, pembeni mwa barabara na kando ya majengo, vilichorwa mistari vikawa maegesho ya vigari vidogo. Soketi za kawaida za volti 220 ziliwekwa hapo hapo. Magari ya umeme yakaruhusiwa kupita kwenye njia za mabasi. Kufikia mwaka 2020, karibu magari 3 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa Liuzhou yalikuwa ya umeme, kiwango ambacho miji mingi tajiri ya dunia ilikuwa haijakikaribia.

Somo lililotoka hapo ndilo lililozaa Mini EV. Waligundua kuwa safari nyingi za mjini ni fupi, mtu mmoja au wawili ndani, na gari husimama usiku kucha karibu na nyumba. Waligundua pia kuwa viti viwili havitoshi. Hata anayeendesha peke yake siku sita anataka nafasi ya watoto siku ya saba.

Gari lenyewe

Mini EV ilionyeshwa mara ya kwanza mapema mwaka 2020 na ikaanza kuuzwa rasmi Julai mwaka huo, kwenye maonyesho ya magari ya Chengdu. Vipimo vyake ni hivi. Urefu milimita 2,917, yaani haufiki mita 3. Upana milimita 1,493. Kimo milimita 1,621, ndiyo maana huonekana kama sanduku lililosimamishwa. Uzani wake ni kama kilo 665. Milango ni miwili, viti ni vinne, na magurudumu ni ya inchi 12. Viti vya nyuma vikilazwa, buti huwa kubwa kuliko mtu anavyodhania. Visipolazwa, hakuna buti ya kuzungumzia.

Mota yake ina nguvu ya kilowati 20 na imewekwa nyuma. Mwendo wake wa mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Betri zilikuwa za aina mbili: ndogo, ya kama uniti 9 za umeme, kwa kilomita 120, na kubwa, ya karibu uniti 14, kwa kilomita 170. Hesabu hizo ni za maabara. Barabarani, kukiwa na baridi kali au kiyoyozi kikiwaka, hupungua.

Ili tuelewane, kilomita 120 ni kama Mombasa hadi Malindi. Yaani kwa hesabu nzuri kabisa ungefika Malindi, na kurudi ingebidi ulale uchaji. Lakini mtu wa Mtwapa anayefanya kazi mjini angekwenda na kurudi, apite sokoni, na jioni awe bado na akiba. Gari hili limetengenezwa kwa huyo wa pili.

Kuchaji ni kwa soketi ya nyumbani. Betri ndogo huchukua saa 6 na nusu hivi, kubwa kama saa 9. Ukichukulia uniti moja ni shilingi 30, kujaza betri ndogo ni kama shilingi 270, ukiongeza kidogo kwa umeme unaopotea njiani. Linganisha na lita moja na nusu ya petroli.

Bei ya toleo la chini kabisa ilikuwa yuan 28,800. Kwa viwango vya wakati ule ni kama dola 4,100, au shilingi za Kenya laki nne na elfu arobaini. Hapo ndipo ilipotoka ile namba ya kwenye video.

Walichoondoa

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Wahandisi wa Liuzhou walijikuna hapo hapo.

Jambo la kwanza waliloliondoa ni masafa. Kitu ghali kuliko vyote kwenye gari la umeme ni betri. Tesla za wakati ule zilibeba betri ya uniti 50 na zaidi, na hawa wakaweka 9. Kwa uamuzi huo mmoja, sehemu kubwa ya bei ikaanguka, na gari likawa jepesi kiasi kwamba mota ndogo ilitosha. Jepesi likahitaji breki ndogo na magurudumu madogo. Kila kilichopungua kilivuta kingine.

La pili ni kuchaji haraka. Betri ndogo ikichajiwa usiku nyumbani, mashine ghali ya kuchaji kwa nusu saa haina kazi.

La tatu ni ufundi wa kifahari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani walilifungua gari hili ili waone ndani, na waliyoyakuta yalisemwa sana kwenye magazeti ya biashara. Hakukuwa na mfumo wa kupoza kwa maji; joto la mitambo lilitolewa kwa hewa tu. Vipande vingi vya elektroniki vilikuwa vya kawaida, vya aina inayotumika kwenye vyombo vya nyumbani, si vile vilivyotengenezwa maalumu kwa magari. Hata breki za kurudisha umeme kwenye betri gari linapopunguza mwendo hazikuwamo kwenye matoleo ya mwanzo. Vipande vya aina hiyo huenda visiishi miaka mingi, lakini kikiharibika kimoja kinabadilishwa kwa pesa kidogo.

Mpaka hapo, mimi navua kofia. Huko ndiko kujua unachohitaji, na dini yetu inatufundisha kuwa israfu haipendezi hata kwa mwenye nacho.

Lakini waliondoa na mengine. Toleo la yuan 28,800 halikuwa na kiyoyozi, na Liuzhou kwenyewe ni mji wa joto na unyevu wakati wa kiangazi, usiotofautiana sana na kwetu. Aliyetaka kiyoyozi aliongeza pesa. Hilo tulisamehe, maana ni starehe, na mnunuzi analiona mwenyewe dukani.

Nisichoweza kukisamehe ni mifuko ya hewa, ile inayofura kumkinga mtu gari linapogonga. Matoleo ya mwanzo hayakuwa nayo. Breki za kuzuia magurudumu kujifunga yalikuwa nayo, na kampuni ilisema zaidi ya nusu ya chuma cha bodi ni chuma kigumu. Pamoja na hayo, ni gari la kilo 665 linalopita njia moja na malori. Anayekosa kiyoyozi anatokwa na jasho. Anayekosa mfuko wa hewa hajui alichokosa mpaka siku ya ajali, na siku hiyo hakuna fursa ya kuongeza pesa. Mwaka 2021 lilipotoka toleo la Macaron, lenye rangi laini za waridi, kijani na manjano, dereva aliwekewa mfuko wa hewa na kamera ya kurudi nyuma. Bei ilipanda, lakini gari likabaki kuwa rahisi. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba lilikuwa jambo la kuwezekana tangu mwanzo.

Mkono wa serikali

Watu hudhani bei hii ilitokana na ruzuku. Kwa E100 ni kweli ruzuku ilisaidia. Kwa Mini EV mambo yalikuwa tofauti: kufikia mwaka 2020 ruzuku ya taifa ya mnunuzi ilihitaji gari liende angalau kilomita 300, na hili halikufika hata karibu.

Msaada ulipitia mlango mwengine. Uchina ina mfumo wa alama, ulioanza kutekelezwa mwaka 2018. Kila kampuni ya magari hupata alama kwa magari ya umeme inayoyatengeneza, na hupoteza alama kwa magari yanayokunywa mafuta mengi. Iliyopungukiwa lazima inunue kwa iliyozidi. Kampuni ikiuza mamia ya maelfu ya vigari vya umeme, hata kama faida ya kila kimoja ni ndogo, inakusanya alama zenye thamani. Basi bei unayoiona dukani haikuwa hesabu ya chuma na betri pekee. Nyuma yake ilikuwapo sheria.

Soko lapokea, kisha bei yapanda

Gari liliuzwa kuliko ilivyotarajiwa. Ndani ya miezi mitano ya mwaka 2020 yalitoka zaidi ya 100,000. Mwanzoni mwa 2021 lilikuwa likiipita Tesla Model 3 kwa mauzo ya mwezi huko Uchina, na mwaka mzima wa 2021 mauzo yalikaribia 400,000. Wanunuzi wengi walikuwa vijana, na wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Wakayabandika picha, wakayapaka rangi, wakayashonea vitambaa vya viti. Gari lililobuniwa kwa kubana matumizi likawa pambo.

Kisha ukaja mtihani. Bei ya malighafi ya lithiamu, inayotumika kwenye betri, ilipanda Uchina kutoka kama yuan 50,000 kwa tani mwanzoni mwa 2021 hadi karibu 500,000 mapema mwaka 2022. Wuling ikalazimika kupandisha bei kama wenzake. Wapinzani nao wakaingia: Changan na Lumin, Geely na Panda Mini, na mwaka 2023 BYD ikaleta Seagull, gari kubwa zaidi la milango minne kwa yuan 73,800. Wanunuzi wengi wakaona bora waongeze pesa wapate gari kamili.

Mwaka 2025 Wuling ikajibu kwa Mini EV mpya yenye milango minne ya abiria, kilomita 205 kwa hesabu ya kiwanda, na bei iliyoanzia yuan 44,800. Tazama safari hiyo: kutoka 28,800 hadi 44,800. Vile vilivyoondolewa vimekuwa vikirudishwa kimoja kimoja, kwa sababu watu walividai.

Bei haisafiri na gari

Sasa turudi kwenye lile swali la grupu: mbona hatuletewi? Jibu la kwanza ni usukani. Gari la Uchina lina usukani kushoto, na sheria ya Kenya yataka magari yanayosajiliwa yawe na usukani kulia. Ile iliyo kwenye video haiwezi kupita Kilindini ikapata namba.

Jibu la pili liko Indonesia, ambako watu huendesha upande mmoja na sisi. Wuling ina kiwanda Cikarang, karibu na Jakarta, na mwaka 2022 ilianza kuuza huko Air EV, ndugu wa Mini EV mwenye usukani kulia. Mwaka huo huo yalitumika kubeba wageni kwenye mkutano wa G20 huko Bali. Lakini betri yake ni kubwa zaidi, kilomita 200 au 300, mifuko ya hewa imo, na bei ilianzia rupia milioni 238, zaidi ya dola 15,000. Ni karibu mara nne ya ile namba ya kwenye video.

Kwa hiyo msomaji, anayekuahidi gari la laki nne likishuka meli hapa, muulize maswali matatu. Usukani uko wapi? Mifuko ya hewa ni mingapi? Na betri ikifa, nani atakuuzia nyingine, na kwa bei gani? Akijikuna kichwa, funga mkoba wako.

Na kwa wakuu wetu wa kaunti nina moja tu. Liuzhou haikuanza na gari. Ilianza kwa kuwapa watu wayajaribu, ikawauliza kinachowaudhi, kisha ikachora maegesho na kuweka soketi. Hayo hayahitaji kiwanda, na tuk-tuk na pikipiki za umeme zimeshaingia mitaani kwetu bila kusubiri mtu. Kinachosubiriwa ni mahali pa kuzichaji na pa kuziegesha.

Kupunguza si aibu. Aliyepunguza betri alifanya jambo la maana. Lakini vipo vya kupunguzwa na vipo vya kuachwa, na uhai wa abiria uko kwenye fungu la pili. Wabillahi tawfiq.